Machi 25 kisiwani Tinos: anza na beseni la maji, tarehe 23

Sikukuu ya uhuru wa Ugiriki huharibikia jikoni, na huharibika siku mbili kabla haijafika. Mgeni anashuka melini tarehe 24 jioni, anapitia dukani kununua samaki wa chumvi, anamtumbukiza kwenye maji usiku kucha, na kesho yake saa nane mchana anawaandalia watu kitu ambacho hata paka wa bandarini atakinusa na kupita. Chumvi haijatoka. Wenyeji ni waungwana: watakula vipande viwili, watamaliza jagi zima la maji, wala hawatasema neno. Ila mwaka unaofuata watakuja na samaki wao.

Haya ni mambo ya Tinos, katika visiwa vya Cyclades. Nayapanga kwa siku, kuanzia tarehe 23 hadi 25, kwa ajili ya Mswahili aliyeoa au kuolewa huko, anayefanya kazi huko, au aliyealikwa na familia na hataki kuonekana mshamba. Makosa ya wageni ni yale yale kila mwaka, na karibu yote yanazuilika.

Siku yenyewe kwanza. Machi 25 ni sikukuu mbili katika sinia moja. Kanisa la Kiorthodoksi linaadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi. Taifa linaadhimisha vita vya kujikomboa kutoka dola ya Waosmani vilivyoanza mwaka 1821. Mfalme Otto ndiye aliyeitangaza tarehe hii kuwa sikukuu ya taifa, mwaka 1838. Shuleni watoto husimuliwa kwamba siku hiyo Askofu Germanos wa Patras aliinua na kubariki bendera ya mapinduzi katika monasteri ya Agia Lavra. Wanahistoria wengi huiona simulizi hiyo kuwa hekaya, maana mji wa Kalamata ulikuwa umeshatekwa tarehe 23, na huko Mani watu walikuwa wameshashika silaha kabla ya hapo. Tena tarehe zote hizo ni za kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 12. Ukitaka amani mezani, usilianzishe somo hili. Babu wa miaka themanini aliyeigiza Germanos akiwa darasa la sita hahitaji kusahihishwa akiwa na uma mkononi.

Tinos ina sababu yake ya ziada. Mwaka 1822, vita vikiwa vimepamba moto, mtawa Pelagia wa monasteri ya Kechrovouni alisema ametokewa na Bikira Maria akimwelekeza mahali ilipofukiwa picha yake takatifu. Watu wakachimba, wakakata tamaa, wakachimba tena, na Januari 30, 1823 picha ikapatikana. Ilikuwa picha ya Kupashwa Habari, yaani picha ya Machi 25 yenyewe. Kwa watu waliokuwa katikati ya vita, hiyo haikuwa bahati nasibu. Kanisa la Panagia Evangelistria likajengwa hapo juu ya mji, na mpaka leo kisiwa hiki ni kituo kikuu cha hija cha Ugiriki. Mgeni anayeuliza ibada inaisha saa ngapi ili sherehe za serikali zianze bado hajajua alipo.

Kufika ni kazi ya pekee. Tinos haina uwanja wa ndege. Unapanda meli Piraeus au Rafina, bandari za jirani na Athens. Rafina iko karibu zaidi na Tinos, na basi la kwenda huko huondokea Pedion tou Areos katikati ya Athens, safari ya saa moja na ushee. Kutoka Rafina meli ya kawaida huchukua kama saa nne, ikipitia kisiwa cha Andros. Boti za mwendo kasi hufika kwa karibu nusu ya muda huo, lakini mwezi Machi ni chache kwa kuwa msimu wa watalii haujaanza. Tiketi ya daraja la chini kabisa kwa meli ya kawaida imekuwa ikicheza kati ya euro 30 na 40 kwa kila upande. Zidisha kwa familia ya watu wanne, kwenda na kurudi, utaona kwamba samaki si gharama hata kidogo.

Tiketi ikiwa mkononi, usiihesabu kuwa ahadi. Upepo ukifika nguvu ya 8 katika kipimo cha Beaufort, kwa kawaida mamlaka ya bandari huzuia meli zisitoke, na vyombo vidogo huzuiwa mapema zaidi. Neno la kulisikiliza ni *apagoreftiko*, katazo la kusafiri. Machi upepo wa Cyclades hauombi ruhusa. Kwa hiyo fika tarehe 23 asubuhi, au hata 22, na usipange kurudi kabla ya tarehe 26. Kama una ndege ya kimataifa, weka siku mbili kati ya meli na ndege. Kulipia chumba usiku mmoja zaidi kunauma, lakini kununua tiketi mpya ya ndege kunauma kwa miezi. Vyumba vya karibu na barabara ya kanisani hujaa kwanza. Piga simu wiki sita au nane kabla, na ukikuta hakuna nafasi, ulizia vijijini juu milimani, ambako usiku ni baridi ya koti zito.

Jambo dogo linalowaponza wengi: meli haikai gatini. Inageuka, inashusha mlango wa nyuma, watu na magari wanatoka kwa pamoja, na baada ya dakika chache imeshaondoka kwenda kisiwa jirani cha Mykonos. Ukisikia Tinos ikitangazwa, shuka hadi sitaha ya magari na mizigo yako. Anayesubiri kitini meli isimame kwanza ataisherehekea sikukuu Mykonos.

Tarehe 23, mchana, beseni.

Samaki huyo anaitwa bakaliaro. Ni samaki wa bahari baridi za kaskazini, kutoka Iceland, Norway na visiwa vya Faroe, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Mtu wa pwani yetu amwite ng'onda, atakuwa ameelewa kila kitu. Kinachochekesha ni kwamba kisiwa kimezungukwa na samaki wabichi, na bado siku hii huliwa wa chumvi. Machi 25 daima huangukia ndani ya Kwaresima ya Kiorthodoksi, kwa sababu Pasaka yao haiji kabla ya Aprili 4. Katika mfungo huo hakuna nyama, mayai, maziwa wala jibini, na samaki huruhusiwa siku mbili tu: hii, na Jumapili ya Matawi. Zamani vijiji vya milimani bara havikuwa na barafu wala barabara, na samaki pekee aliyeweza kufika huko bila kuoza alikuwa wa chumvi. Desturi ya mlimani ikawa ya taifa, na taifa likaishusha mpaka pwani.

Kilo moja ya samaki mkavu inatosha watu sita. Chagua kipande cha katikati, kinene, chenye weupe wa malai. Akiwa na wekundu-wekundu au umanjano mkali, alihifadhiwa vibaya, mwache. Minofu isiyo na mifupa ina bei ya juu. Mwenye mifupa ni nafuu na ladha yake ni bora kwa maoni yangu, ila kazi ya mifupa ni yako. Madukani wapo pia samaki wa jamii nyingine wanaouzwa kwa jina hilo hilo. Ukimtaka yule hasa, tafuta kwenye karatasi maneno Gadus morhua.

Suuza chumvi ya juu kwa maji ya bomba. Mkate vipande vya upana wa vidole vinne. Sasa usimlaze chini ya beseni: weka chujio au sahani iliyopinduliwa, panga vipande juu yake, ngozi ikitazama juu. Maji yenye chumvi ni mazito, hushuka chini, na samaki aliyelala kwenye sakafu ya beseni analowekwa kwenye chumvi yake mwenyewe hata ukae wiki. Ngozi nayo haipitishi chumvi kwa urahisi, ndiyo maana upande wa nyama ndio unaotazama chini. Maji yawe mengi, lita nne au tano kwa kilo, ya baridi, na beseni likae kwenye friji au kibarazani penye ubaridi. Badilisha kila baada ya saa sita hadi nane. Vipande vya mkia hutoka chumvi yake kwa saa 24, vya kawaida saa 36, vinene sana 48. Ukianza saa sita mchana tarehe 23, alfajiri ya 25 utakuwa umepata saa 42, na hapo huna wasiwasi.

Usiku wa 24, chomoa kipande kidogo kutoka katikati ya kile kinene kabisa, kichemshe dakika mbili, onja. Kinatakiwa kiwe kama samaki aliyetiwa chumvi na mpishi mwenye mkono mwepesi. Kikiwa hakina chumvi kabisa umepitiliza, na nyama yake itasambaratika kwenye mafuta. Afadhali kibaki na chumvi kidogo, kwa kuwa viazi vya pembeni vitaimeza. Wakati huo huo toa mifupa: pitisha ncha ya kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, dhidi ya mwelekeo wa nyama, na utaisikia ikichoma kama sindano zilizosahauliwa kwenye kitambaa. Kila mmoja uvutwe kwa kibanio kufuata ulalo wake. Ukiuvuta wima, unatoka na nyama.

Tarehe 24 ni siku ya bendera na watoto. Majengo ya umma hupandisha bendera kuanzia saa 2 asubuhi, na zitakaa hadi jua linapozama tarehe 25; nyumba na maduka hufuata. Bendera ina mistari tisa, na watu hupenda kusema kwamba ni silabi tisa za *Eleftheria i Thanatos*, uhuru au kifo. Ukiitundika wima kibarazani, msalaba uwe juu, upande wa kushoto wa mtu anayekuangalia kutoka barabarani. Ifunge juu na chini. Iliyofungwa juu tu, kwa upepo wa Tinos, hujiviringisha kwenye chuma kabla ya saa nne na kubaki kama taulo lililosahaulika.

Shuleni hakuna masomo ya kawaida: kuna mashairi, nyimbo na mchezo wa kuigiza. Kama mwanao anasoma huko, shairi huja nyumbani kabla ya siku yenyewe, mistari minne au minane, nalo huja bila maelezo. Mzazi asiyejua Kigiriki asijitie kulifundisha kwa kubahatisha; mwombe mwalimu alisome taratibu mbele ya simu, urekodi, na mtoto alisikilize kila asubuhi akinywa chai. Watoto hawachekwi kwa lafudhi. Hunyamazishwa na kusahau mstari wa pili, maana ndipo hofu inapowakuta.

Mavazi yana mtego wake. Wanafunzi wakubwa huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu iliyokoza, basi. Wadogo huvishwa mavazi ya kihistoria, na hapo wageni hukimbilia foustanella, ile sketi nyeupe yenye marinda. Ya walinzi wa heshima wa Athens husemwa ina marinda 400, kwa miaka 400 ya utawala wa Waosmani. Ni vazi zuri, lakini ni la bara. Mabaharia wa visiwani walivaa *vraka*, suruali pana iliyojaa katikati ya miguu, pamoja na mkanda wa kitambaa na kizibao. Hakuna atakayekufukuza kwa foustanella, ila ukimleta mtoto na vraka utawaona bibi wote wa mtaa wakisogea. Azima kabla ya kukodi, na kodi kabla ya kununua: mtoto atalivaa mara moja kabla halijambana. Na kama ni foustanella, pasi ya marinda ni ya usiku wa 24, saa nzima kwa uchache, kwa hiyo usiipange pamoja na mifupa ya samaki.

Kuhusu gwaride kesho yake, Mkenya au Mtanzania aliyezoea sikukuu za uwanjani atatazamia majeshi na ndege. Majeshi yako Athens. Kisiwani gwaride ni la wanafunzi, chama cha wanawake, skauti, kikundi cha ngoma, bendi ya matarumbeta, labda kikosi kidogo cha askari wa majini. Heshima kubwa kuliko zote iko kwa kundi la bendera la kila shule: mshika bendera mmoja na wasaidizi watano. Kwenye shule za sekondari nafasi hizo hupatikana kwa alama za masomo, na watoto huzipigania mwaka mzima. Suala la mtoto wa mhamiaji kushika bendera limewahi kuwasha moto: mwaka 2000, na tena 2003, huko Nea Michaniona karibu na Thessaloniki, mwanafunzi mzaliwa wa Albania aliongoza kwa alama, baadhi ya wazazi na wanafunzi wakapinga, na akaishia kuiacha nafasi hiyo mara zote mbili. Sheria ilikuwa upande wake. Kama mwanao ameongoza, msindikize shuleni mapema mzungumze na mwalimu mkuu kwa utulivu, myajue majina yatasomwa lini, na mtoto afanye mazoezi kama wenzake. Usingoje kusikia uvumi dukani.

Mshika bendera huvaa mkanda wa ngozi begani wenye kikombe kiunoni, ambamo kitako cha mlingoti hukaa. Mkanda ukiwa mrefu, uzito wote huangukia mikono. Ufupishwe hadi kikombe kifike juu ya mfupa wa nyonga. Glavu nyeupe za kitambaa huteleza kwenye mti uliopakwa vanishi, kwa hiyo zijaribiwe mazoezini, si asubuhi ile. Na viatu visiwe vipya. Pale ambapo barabara ya kanisani inakutana na ufuko wa bandari ndipo upepo unapokusubiri: binti amekuja ametulia kati ya nyumba, hatua zake sawasawa, na akitokeza tu bahari inaonekana, kitambaa kinajaa kama tanga, mlingoti unavutwa kulia, wasaidizi wanamwangalia kwa pembe ya jicho bila kugeuza shingo, naye anaukaza mkono wa juu, anaegemea mbele kidogo, hapotezi hatua. Umati hupiga makofi hapo kuliko mbele ya jukwaa.

Asubuhi ya 25 toa samaki majini kabla hujaenda popote. Mkaushe kwa taulo safi, mpange kwenye waya au chujio, mfunike, arudi kwenye friji. Akikaa saa tano hivi kwenye ubaridi mkavu, ngozi ya juu hukauka na rojo la unga la kumkaangia litamshika. Wanaorudi kutoka gwarideni na kumtoa majini pale pale ndio ambao mafuta huwarukia usoni.

Kisha kanisani. Sala za asubuhi huanza mapema sana, Liturujia hufuata, na foleni ya kuibusu picha takatifu inaweza kukula saa nzima au zaidi. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume wasivae kaptula. Picha yenyewe karibu haionekani: imefunikwa kwa dhahabu, lulu na vito vya watu waliotimiza nadhiri. Mishumaa ya nta huuzwa njiani kwa ukubwa, mingine mirefu kama mtu. Mgeni asishangae akiona aliouwasha unaondolewa baada ya muda mfupi. Nafasi ni ndogo na watu ni wengi. Chukua mdogo, nia ni ile ile. Chini ya kanisa kuu kuna kikanisa mahali picha ilipopatikana, na chemchemi ambayo watu huchota maji kwenye vichupa. Huko huko chini kuna kumbukumbu ya manowari Elli, iliyozamishwa kwa torpedo ya Italia bandarini hapo Agosti 15, 1940, siku ya hija, Ugiriki ikiwa haijaingia vitani. Pita hapo kabla ya gwaride, si baada; utaelewa kwa nini wazee hunyamaza shada la maua linapowekwa.

Barabarani utaona watu wakipanda kwa magoti kutoka bandarini, kiasi cha mita 800 za mwinuko, juu ya zulia lililotandikwa pembezoni. Usipige picha nyuso zao. Kama una nadhiri yako, funga pedi nene magotini, vaa glavu, anza alfajiri kabla lami haijajaa, na uwe na mtu wa kutembea kando yako na maji. Magoti hayaumii sana mwanzoni. Yanayoumia kwanza ni viganja na kiuno. Usikubali kuanza kwa sababu tu wengine wanakutazama.

Maandamano ya picha yakitoka, watu hupiga magoti au kulala barabarani ili ipite juu yao. Ukitaka kufanya hivyo, kaa kwenye mstari katikati ya njia mapema na uzime simu. Hutaki? Simama kando, vua kofia, inatosha. Ratiba ya saa kwa saa hutolewa na manispaa siku chache kabla, nayo hubadilika mvua au upepo ukija. Kwa kawaida kuna sala ya shukrani kwa taifa, kisha mashada ya maua kwenye mnara wa mashujaa, dakika moja ya kimya, wimbo wa taifa, gwaride, halafu ngoma za kienyeji. Wimbo huo ni beti mbili za kwanza za shairi la Dionysios Solomos la mwaka 1823 lenye beti 158, kwa hiyo hauchoshi mtu. Simama wima, usitembee, mtoto asile biskuti. Salamu ya siku ni *Chronia polla*, na jibu lake *Episis*.

Baada ya hapo, jikoni, na sasa ni mbio. Anza na skordalia, viazi vilivyopondwa na kitunguu saumu vya kulia samaki, kwa maana inavumilia kusubiri. Chemsha gramu 700 za viazi na maganda yake. Twanga punje tano za kitunguu saumu na kijiko kidogo cha chumvi kwenye kinu mpaka ziwe laini kabisa; kichipukizi cha kijani ndani ya punje kitolewe, kwani ndicho kinachowakera watu tumboni. Menya viazi vikiwa moto, viponde kwa mkono, ongeza saumu, halafu mafuta ya zeituni mililita 150 kwa kuyatiririsha kidogo kidogo, na siki vijiko vitatu vikubwa. Ikiwa nzito, ilegeze kwa maji ya viazi. Usitumie blenda. Visu vyake hugeuza wanga wa viazi kuwa gundi na mafuta ya zeituni kuwa machungu, na hakuna dawa ya kurudisha.

Rojo: unga wa ngano gramu 250, kijiko kidogo cha hamira ya unga, pilipili manga, na bia baridi sana au maji ya soda mililita 300. Chumvi usitie. Liache nusu saa. Mafuta yafike nyuzi 180. Huna kipimo, dondosha tone la rojo, likizama kidogo na kupanda mara moja likichemka pembeni, yamefika. Mpake samaki unga mkavu kwanza, kung'uta, kisha rojo, kisha karai. Bila unga mkavu, koti lote huvuka na kubaki linaelea peke yake. Vipande vinne kwa wakati mmoja, dakika nne hadi tano, usivirundike, maana mafuta yakipoa samaki huyanywa. Mweke kwenye waya, si kwenye karatasi inayomtolea jasho chini. Pembeni weka bitiruti zilizochemshwa na siki. Jibini usilete mezani. Ni Kwaresima, na hapo ndipo wageni wanaojitahidi sana hukosea, wakibeba pai ya jibini kama zawadi.

Jioni ni ya kutembeleana. Kila Evangelos, Vangelis na Evangelia ana siku ya somo wake leo, na katika Tinos hao ni wengi kupita kawaida. Huhitaji mwaliko, nenda na boksi la lokum, peremende laini ya wanga na sukari, kwa kuwa haina maziwa wala mayai, keti nusu saa, nenda kwa mwingine. Sehemu ya vijiji, kama Xinara na Volax, ni ya Wakatoliki, urithi wa utawala wa Venisi uliodumu hadi 1715. Nao huadhimisha Kupashwa Habari tarehe hiyo hiyo, na watoto wao huandamana sawa na wengine. Mwaka 1821 Wakatoliki wa Cyclades kwa sehemu kubwa hawakuingia vitani, na kisiwani jambo hilo linajulikana bila kusemwa. Mgeni asilichokonoe.

Kama unafanya kazi hotelini au mgahawani, fahamu kwamba hii ni sikukuu ya lazima: aliyeitwa kazini anastahili nyongeza ya asilimia 75 ya ujira wa siku. Andika saa zako siku hiyo hiyo, na uangalie karatasi ya mshahara wa Machi kabla ya kuitia sahihi. Wengi husamehe kwa kutokujua, na waajiri wengine hufurahi kusamehewa.

Jua likizama, teremsha bendera. Imekula chumvi ya bahari siku mbili, na chumvi ikikaukia kwenye pindo ndiyo inayoichana mwaka unaofuata. Iloweke kwenye maji ya bomba, beseni lile lile la samaki ukishalisugua vizuri, ikamulie, uianike ndani ya nyumba pasipo upepo. Utaihitaji tena Oktoba 28, sikukuu nyingine ya taifa.